Safari Zetu Nazo Zisomwe

Mwandishi aliyewausia vijana wasome Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi aliyoitunga Rider Haggard mwaka 1885 na Frederick Johnson akaitia katika Kiswahili, amewausia vema. Lakini alipodai kwamba lugha yetu haina safari zake yenyewe za kusisimua nyoyo, hapo amepotoka, na kumnyamazia ni dhuluma. Je, hajapata kukifunua kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokikusanya Carl Velten kikapigwa chapa mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari ahadithia, kwa lafudhi tamu ya pwani, alivyofika Urusi hata Siberia? Mashimo yale ni ya kubuni. Siberia Salim aliiona kwa macho yake. Enyi walimu, kitafuteni kitabu hicho, muwasomeshe vijana.