Mwenye famasi aulize kwanza

Ndugu wa mugodi, mugongo ukiuma baada ya kazi unakimbilia famasi kununua diklofenaki. Mama naye anakunywa deksametazoni ili anenepe. Hizi dawa haziko mchezo: ya kwanza inaweza kutoboa tumbo, ya pili ni ya aina ya homoni, inapandisha sukari katika damu.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na fakulte ya famasi. Wanafunzi wake wafundishwe sana kuuliza mbele ya kuuza: Tumbo linawaka? Choo kiko cheusi? Unakojoa sana usiku? Wakisikia ndiyo, wasiuze tu, wamutume mugonjwa kwa munganga.

Maulizo haya hayaombi mashini wala feza. Na sisi tujibu ukweli: tulimeza nini, tangu siku ngapi.