Bafle za zamani: osha kwanza, msasa uje mwisho



Juma hili ukurasa wetu wa Kazi za Nyumbani unajibu swali la mama mmoja mjane wa hapa Bukavu. Marehemu mume wake alimwachia bafle mbili za mbao, zenye urefu wa kufika kiunoni, zilizonunuliwa miaka ya 1970. Zimekuwa nyeusi kwa moshi wa makala, pembe moja ya mbao imeinuka, na juu kuna alama nyeupe za glasi. Binti yake anaolewa mwezi wa saba. Mtoto wake wa kiume anasema zipasuliwe kuni. Shemeji yake anasema ataleta mashine ya msasa na kopo la rangi nyeusi, azimalize kwa siku moja. Mama anauliza: nimsikilize nani?

Mama, kwa kuni jibu ni hapana. Na kwa mashine pia ni hapana. Tena mashine inaweza kukuletea hasara isiyorudi nyuma, na tutakueleza sababu yake.

Ngozi ya mbao

Bafle ya namna hiyo si mbao nzima. Ndani yake mara nyingi ni tripleksi, ao ubao uliotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi. Juu yake imebandikwa ngozi nyembamba ya mti mzuri, ile mafundi wa mbao wanaita plakaji. Unene wake mara nyingi haufiki hata milimita 1. Mashine ya msasa inaweza kuimaliza kwa sekunde chache, hasa kwenye pembe, na chini yake utaona ubao wa vumbi, usio na mstari wala rangi. Ngozi ikiisha, hakuna verni itakayoirudisha. Ndiyo maana watu wengi wanamalizia kwa rangi nyeusi: si kwa kupenda, ni kwa kuficha.

Na ngozi hiyo ni ya kuheshimu. Viwanda vya Ulaya vilitumia miti mingi kwa kazi hii, na kati yake ni sapelli, mti unaoota katika misitu ya Kongo yetu. Mti unaweza kuwa ulitoka kwetu ukiwa gogo, ukaturudia ukiwa bafle.

Tusisahau pia kazi ambayo vyombo hivi vilifanya. Mwaka 1960 wimbo wa uhuru wa Grand Kallé na African Jazz ulitoka Bruxelles ukafika kwetu kwa radio na sahani. Mwaka 1952 gitaa la Mwenda Jean Bosco lilirekodiwa Jadotville, leo Likasi. Wazee wetu walisikia hayo yote kupitia sanduku za mbao kama hizo. Mtoto anayesema kuni hajui anachoma nini. Mweleze kwa upole.

Mbele ya kugusa kitu

Kwanza angalia kama sanduku lina waya wake wa kuingia kwenye prizi ya umeme. Bafle ya kawaida haina. Ina waya mbili ndogo tu za kutoka kwenye ampli. Hiyo unaweza kuifungua. Lakini kama ni kabati la radio la zamani, lenye taa za glasi ndani, usitie mkono. Ndani kuna vipande vinavyoweza kushika umeme mkali hata baada ya kutoa waya kwenye prizi. Mwachie fundi wa radio atoe mashine, wewe ubaki na mbao.

Pili, kama kuna mtu aliyewahi kupaka bafle rangi ya mafuta zamani, usiisugue ikiwa kavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto wadogo na kwa mama mwenye mimba. Kazi hiyo ifanyiwe nje, kwa msasa wa maji, na watoto wakae mbali.

Tatu, toa spika ndani ya sanduku. Andika kwenye kipande cha karatasi waya gani ilikuwa kwenye alama ya kujumlisha na gani kwenye ya kutoa. Funika spika kwa kitambaa safi, maana sumaku yake inavuta unga wa chuma. Usiiguse karatasi ya katikati kwa kidole wala kwa maji. Bafle nyingi za miaka ya 1970 zina ukingo wa sponji kuzunguka karatasi hiyo, na sponji huoza yenyewe hata kama muziki haukupigwa. Kama inavunjika kama mkate mkavu, fundi anaweza kubandika nyingine. Pamba iliyo ndani ya sanduku iache mahali pake, maana inasaidia sauti. Ikiwa ni ile ya nyuzi za glasi, inayowasha ngozi, usiikung'ute, na funga pua kwa kitambaa.

Kuosha: nusu ya kazi

Wamama wengi wanafikiri bafle imeharibika, kumbe ni chafu tu. Moshi wa mbabula, mafuta ya jikoni na vidole vya miaka 40 vinafanya ngozi juu ya ngozi.

Chukua maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni laini. Lowesha kitambaa, ukikamue mpaka kisidondoke, kiisha pangusa sehemu ndogo kwa kufuata mistari ya mbao. Kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Usimwage maji hata kidogo: ubao wa vumbi ukinywa maji unavimba, na hausinyai tena. Mafuta yaliyobaki yatoe kwa terebentini kidogo kwenye kitambaa, nje ya nyumba, mbali na moto. Esansi usitumie kabisa. Moshi wake unashika moto wa mbabula hata ukiwa mbali.

Kiisha acha siku moja, urudi kuangalia kwa mwanga wa asubuhi. Mara nyingi mama atashangaa na kusema, basi inatosha. Alama nyeupe za glasi ni unyevu uliofungwa ndani ya verni. Jaribu kuzisugua polepole kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na majivu laini sana yaliyochekechwa, kiisha pangusa vizuri mpaka mafuta yote yatoke.

Pembe iliyoinuka

Gundi ya zamani inalegea kwa joto. Weka kitambaa cha pamba juu ya sehemu iliyoinuka, pitisha pasi yenye moto wa kadiri kwa sekunde chache, kiisha kandamiza kwa kipande cha ubao mpaka ipoe. Ukitumia pasi ya makala, kung'uta majivu yote kwanza. Kama haishiki, ingiza gundi nyeupe ya fundi wa mbao chini yake kwa sirinji, pangusa inayotoka, weka karatasi ya plastiki, ubao, na matofali mawili juu mpaka kesho yake.

Ikiwa kuna uvimbe katikati, pasua kwa wembe kufuata mstari wa mbao, usikate kwa kupinga mistari, kiisha ingiza gundi namna ile ile. Angalia pia viungo vya sanduku kwa ndani. Kiungo kilichofunguka kinapitisha hewa na kupunguza sauti nzito. Lakini kama bafle ina tundu la mviringo lililotengenezwa kiwandani, usilizibe. Ni la sauti.

Je, ni lazima kutoa verni?

Kama verni imepasuka ao inabanduka kama magamba ya samaki, ndiyo. Kama imechoka tu, hapana.

Ili kujua ni verni gani, chagua mahali pa kujificha, kama chini ama nyuma, udondoshe tone moja la alkooli kali ya famasi. Ikilainika na kunata ndani ya dakika moja, ni verni ya gomalaka ya zamani, na unaweza kuitoa kwa alkooli hiyo hiyo na kitambaa. Isipolainika, jaribu tone la dilua ya wapaka rangi. Ikilainika sasa, ni verni ya kupuliziwa ya kiwandani. Isipolainika kwa yote mawili, inaweza kuwa verni ngumu ya kisasa ama mafuta tu, kama walivyofanya mafundi wa nchi za Kaskazini ya Ulaya kwa mti wa tiki. Mbao ya mafuta haina ngozi inayong'aa juu yake. Na kama mistari ya mbao inajirudia sawasawa upande hadi upande, huenda ni plastiki iliyochorwa kama mbao. Hiyo inaoshwa tu. Msasa utaiharibu.

Baada ya kutoa verni, msasa unaruhusiwa, lakini kwa mkono. Funga karatasi yake kwenye kipande cha ubao laini. Anza na namba 220, umalize na 320. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Fuata mistari ya mbao, hesabu mapitio machache, na simama mbele ya kufika pembeni. Pembe ndizo zinaisha kwanza.

Kupaka

Hapa tuna neno kwa wamama wote. Wengi wetu tunang'arisha samani kwa mawese ao mafuta ya karanga. Mafuta hayo hayakauki. Yanabaki yananata, yanakusanya vumbi, na baada ya muda yananuka. Siraji ya viatu nayo ina nta, na verni haishiki juu ya nta.

Mafuta yanayokauka ni ya mbegu za kitani, ambayo wauza rangi huyaita kwa Kifaransa huile de lin. Kwa mara ya kwanza changanya nusu kwa nusu na terebentini. Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 15 mpaka 20, kiisha futa yote yaliyobaki juu. Acha siku moja ama mbili. Rudia mara mbili, kwa safu nyembamba. Safu nene haikauki, inafanya mikunjo kama ya maziwa yaliyochemka.

Sikilizeni vizuri: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti, maana mafuta yakikauka yanatoa joto. Usivikunje na kuvitupa pembeni ya jikoni. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke na kuwa vigumu, ao vitie kwenye ndoo ya maji. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimesongana. Kitambaa kimoja kinaweza kuchoma avenyu nzima.

Kama unapenda verni, ngoja kiangazi. Kwa mvua zetu, verni inakauka pole na inaweza kugeuka nyeupe kama ukungu. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndio wakati wake. Kwa mama yetu aliyeuliza: anza kuosha na kubandika sasa, paka mwanzo wa mwezi wa sita, na mpaka ndoa ya binti bafle zitakuwa kavu na hazitanuka.

Kitambaa cha mbele

Kitambaa cha zamani kikiwa kimepasuka, wengi wanataka kuweka kikwembe cha waksi. Rangi zitapendeza, lakini kikwembe kimefumwa kwa kubana sana, na sauti nyembamba zitazimwa. Mwimbaji atakuwa kama anaimba ndani ya gunia. Weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila taabu upande wa pili, kinafaa. Kivute sawasawa kwenye fremu, uanze katikati ya kila upande na umalize pembeni, ili mistari isipinde.

Kwa shemeji

Shemeji ametaka kusaidia, na msaada haukataliwi. Mpe kazi ya kubeba bafle nje, kufungua skrubu na kukaza viungo. Mashine arudi nayo. Mtoto wa kiume mpe kitambaa na maji ya sabuni, aoshe upande mmoja kwa mkono wake. Akiona mistari ya mbao inatokea chini ya moshi, mtazungumza vizuri zaidi juu ya kuni.

Dada wenye mikono ya utulivu wajue pia kwamba kazi hii inaweza kuleta franka. Katika kartie zetu kuna saloni nyingi zenye bafle na kabati za namna hiyo, na wenye nazo hawajui wampe nani. Anza na yako, jirani aone, atakuja kuuliza.

Mwenye swali la kazi za nyumbani aliandike kwenye karatasi, ampe katibu wa kikundi chake mbele ya mkutano wa juma lijalo. Kaeni na amani.