Ziwa Lililopewa Jina la Mgeni

Ukitoka Bomet kwa matatu ukauvuka Mto Amala pale Mulot, unaingia Narok. Jina hilo twalitaja kila siku, lakini je, wajua maana yake? Kwa Kimaasai ni "nyeusi". Neno hilohilo lilikuwa jina la ziwa kubwa lililo mbali kaskazini, katikati ya nyika kavu. Wasamburu waliliita Basso Narok.

Machi 1888, Samuel Teleki wa Hungary alifika huko na wapagazi kutoka pwani. Alifuatana na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini. Kazi ya Höhnel ilikuwa kupima na kuchora ramani. Jina la wenyeji alilisikia na akaliandika. Hata hivyo, ziwa lilitangazwa Ulaya kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ambaye hakuwahi kulitia machoni! Jina hilo lilidumu hadi 1975, lilipoitwa Turkana.

Wewe mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani wa jiografia, unaijua ramani ya 1:50,000. Sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini. Kontua zikisongamana, jua mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi ni tambarare. Haya yote huweza kupimwa kwa picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Lakini hakuna ndege inayoweza kupiga picha ya jina. Jina hupatikana kwa kumwuliza mwenyeji, na mwenyeji naye awe analijua.

Hapo ndipo penye hatari. Ramani itakuonyesha Nyangores na Amala zikiungana kuwa Mto Mara, unaomwaga maji yake katika Ziwa Victoria huko Tanzania. Je, kile kijito kinachopita chini ya majani chai ya babu kinaitwaje? Na kile kilima cha ng'ambo? Watoto wetu wa mjini wakikosa kuyajua majina hayo, wazee watakwenda nayo.

Basi, mzazi, likizo hii mpeleke mtoto nyumbani na karatasi na penseli. Achore vijito, vilima na njia, kisha akae na babu na nyanya wamtajie jina la kila mahali. Kuuliza si ujinga.

Tukutane Jumapili ijayo.