Kisu cha Kwanza



Wahenga walinena: mtoto akililia wembe, mpe. Nasi hapa Uingereza, kabla ya kumtunuku kijana kisu chake cha kwanza cha mfukoni, yatupasa kuangalia mambo mawili: vidole vyake na sheria ya nchi.

Sheria ya mwaka 1988 huruhusu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Lakini mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kisu chenye kizuizi cha kukaza bapa hakimo katika ruhusa hiyo. Hapo ndipo mzazi mwema aweza kunaswa. Opinel ya watoto, itokayo Ufaransa, ina ncha ya mviringo na pete inayozuia bapa lisimfunge vidole. Mkononi ni salama. Barabarani, bila sababu ya haki, ni kosa. Hiyo na ibaki nyumbani. Kwa matembezi, tafuteni Victorinox ndogo ya watoto, isiyo na kizuizi.

Ncha na iwe butu, lakini makali yasiwe butu: kisu kisichokata hutaka nguvu, na penye nguvu mkono huteleza. Mfundisheni kuketi, na kukata akielekeza makali mbali na mwili wake. Shuleni asikipeleke kamwe, zawadi ya upendo isije ikageuka kesi.