Mizabibu yaonekana, wachumaji je?

Kiswahili kina maneno mawili kwa kipande kimoja cha ardhi, na tofauti ya maneno hayo haimo katika ardhi yenyewe bali katika kazi ya anayeitaja. Anayelima huita shamba. Anayepita na kutazama huita mandhari. Neno hili la pili tumelipata kwa Kiarabu, na mzizi wake ni kutazama. Mandhari basi haiwezi kuwapo bila mtazamaji, ilhali shamba lipo hata kama hakuna anayeligeuzia jicho, maadamu pana anayelilima. Nimeyakumbuka maneno haya kila nisomapo habari za majengo yanayojengwa katika mashamba ya mizabibu ya Ulaya na Marekani, majengo ambayo husifiwa hasa kwa kumuunganisha mgeni na mandhari. Msomaji asiyekunywa divai asigeuze ukurasa. Mada yetu si kinywaji.

Tuchukue mfano ulio bora, nisije nikashutumiwa kuwa nimechagua kibovu. Huko Bargino, kusini mwa Firenze nchini Italia, ukoo wa Antinori, ambao umo katika biashara ya divai tangu 1385, ulifungua mnamo 2012 jengo lililosanifiwa na kampuni ya Archea. Ukilitazama kutoka barabarani, ni kama halipo. Kinachoonekana ni kilima chenye mipasuko miwili mirefu ya mlalo, mithili ya mkate uliotiwa kisu. Paa limefunikwa kwa udongo, na juu ya udongo huo imepandwa mizabibu. Ndani, mapipa yamelala gizani chini ya kuba za udongo wa kuchomwa. Ardhi iliyolizingira jengo hulinda ubaridi ambao divai huuhitaji, na zabibu huingilia juu zikateremka kwa uzito wake zenyewe kutoka hatua moja ya kazi hadi nyingine. Mgeni naye hupanda ngazi iliyojipinda kama kombe la konokono, akatokea barazani, na hapo vilima vya Chianti humfungukia vyote kwa pamoja.

Ni kazi ya akili kubwa, wala sisiti kuisifu. Kadhalika jengo la Dominus huko Napa, California, ambalo Waswisi Herzog na de Meuron walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1990. Hilo lina urefu wa mita 100, na kuta zake ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe meusi ya volkeno. Mchana jua kali huchujwa na mawe hayo, usiku baridi huzuiwa nayo, na mahali yalipopangwa kwa nafasi mwanga hupenya kati ya jiwe na jiwe. Ukuta umekuwa sehemu ya nchi ile.

Hata hivyo, jengo ni kama sentensi: huamua nani awe mtenda na nani asitajwe. Sisi wanaisimu tunaijua vyema kauli ya kutendwa. "Zabibu zimechumwa," husema mtu, na mchumaji akatoweka bila hata kufukuzwa. Baraza la kutazamia hufanya kazi iyo hiyo. Limeinuliwa juu, liko mbali, na mzabibu uliopangwa safu kwa safu humfika mtu kifuani. Aliyeinama kukata kishada haonekani kabisa. Mgeni huona kijani kibichi kilichonyooka kama mistari ya daftari, akaamini kwamba ameiona nchi.

Je, ni nini kilicho nyuma ya mistari hiyo? Mwaka 2015, vilima, nyumba na maghala ya chini ya ardhi ya Champagne, nchini Ufaransa, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huko sheria hudai zabibu zichumwe kwa mkono, hivyo kila msimu huhitaji vibarua wapatao 120,000. Katika mavuno ya Septemba 2023, wachumaji kadhaa walifariki katika siku za joto kali. Msimu huohuo, wakaguzi wa kazi waliwakuta zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa Waafrika kutoka nchi kama Mali, Mauritania, Senegal na Côte d'Ivoire, wamerundikwa katika nyumba chafu kijijini Nesle-le-Repons, vyoo havifai na nyaya za umeme ni za hatari. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa kosa la kusafirisha na kunyonya binadamu. Mkuu wa kampuni iliyowaajiri alihukumiwa kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ikiahirishwa.

Nyumba ile nayo ilikuwa jengo la mizabibu. Ilihudumia mavuno yale yale ambayo maghala yaliyo katika orodha ya urithi huyahudumia. Lakini hakuna msanifu aliyeulizwa ikae wapi, dirisha lake lielekee kilima kipi, wala upepo uingilie wapi. Pipa la divai hupimiwa nyuzi za joto linazozistahimili, mchumaji hakupimiwa.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Katika shamba la Solms-Delta, bonde la Franschhoek nchini Afrika Kusini, ghala la kale la divai liligeuzwa mwaka 2005 kuwa makumbusho ya watu waliolilima, wakiwamo watumwa. Tukumbuke kwamba watumwa wa Rasi waliletwa kutoka Asia, Madagascar na hata pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni alipaswa kupita mbele ya habari zao kabla hajautazama mlima. Baadaye shamba lilikumbwa na matatizo makubwa ya fedha, jambo ambalo wenye kudharau juhudi hizo hupenda kulitaja. Mizania ya benki, kwa maoni yangu, si hoja dhidi ya makumbusho.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Majani ya chai ya Kericho yamepigwa picha nyingi kuliko vyumba vya wachumaji wake. Na jirani zetu wa Dodoma, ambako mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka na wakulima wengi ni wa mashamba madogo, huenda siku moja wakashauriwa kujenga baraza lao la wageni. Wakifanya hivyo, wamwambie msanifu alishushe baraza hilo usawa wa mizabibu, na njia ya mgeni ipitie pale zabibu zinapopimwa kwenye mizani, mkulima akiwa amesimama kando akisoma uzito wa mavuno yake.