Vitufe vya Kikokotoo Vifundishwe

Twaona si haki kumkabidhi mwanafunzi kikokotoo kabla hajaelezwa kazi ya vitufe vyake. Tuchukue hesabu ya mchuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba: nauli shilingi 5,000, na sado 3 za dagaa kwa 8,000 kila moja. Akibonyeza 5,000 + 3 × 8,000, kikokotoo cha kisayansi hutanguliza kuzidisha, nacho huonyesha 29,000. Kile cha dukani, ambacho ndicho kilichozoeleka majumbani, kwa kawaida hufuata mfuatano wa kubonyeza: huonyesha 40,024,000! Mtoto aliyekulia sokoni atacheka. Mwenzake atainakili daftarini. Sisi tungeanza na M+, kitufe kinachorukwa na walimu wengi: 3 × 8,000, M+, 5,000, M+, kisha MR.