Mtihani ukiisha, kitabu nacho hufungwa

Na Mwandishi Wetu

MUULIZE mkazi wa Dar es Salaam aliyehitimu kidato cha nne katika miaka ya 2000 ataje riwaya alizosoma. Atakutajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu bila kusita. Muulize amesoma ngapi tangu aondoke shuleni, na wengi watabaki kimya.

Zipo lawama zinazotolewa kwa simu, televisheni na ugumu wa maisha. Zina ukweli, lakini haziufikii mzizi wa tatizo, ambao uko katika namna tulivyofundishwa kusoma.

Katika mtihani wa fasihi, mwanafunzi hutakiwa kueleza dhamira, wahusika na mtindo wa kazi zilizoteuliwa. Majibu hayo hupatikana kwa urahisi katika vijitabu vya uchambuzi, na wapo wanaofaulu swali la riwaya ambayo hawakuwahi kuifungua. Kwa mtu wa namna hiyo, kitabu ni mzigo wa shule, na mzigo ukishatuliwa haubebwi tena.

Wachapishaji nao huathirika. Kitabu kilichomo katika orodha ya shule kina soko la uhakika. Kikiondolewa, kukichapa upya ni kubahatisha. Mtu mzima anayetaka kukirudia huishia kukitafuta kwa wauza vitabu vilivyotumika.

Hasara yake si ndogo. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alisawiri nchi ambayo wajumbe wanaotumwa ng'ambo kutafuta maarifa hutiwa kifungoni wanaporejea. Mwanafunzi wa miaka 17 huweza kukisoma kama hadithi ya ajabu tu. Mlipa kodi wa miaka 40 angekisoma kama habari za utawala, lakini huyo ndiye asiyekishika tena.

Hata hivyo, hamu ya kusoma bila kushurutishwa haijawahi kukosekana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, lakini ilisomwa sana. Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitolewa kama filamu. Mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea huanzia nyumbani. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayemhimiza mwanawe asome, ilhali yeye mwenyewe hajafungua riwaya tangu kidato cha nne, anamfundisha kwamba vitabu vina mwisho, na kwamba mwisho huo ni siku ya mtihani.